Anko Fundi: Betri yangu inazima ikiwa 38, dukani wanasema betri haina waranti

Anko Fundi, habari yako, natumai uko poa.

Mimi nilinunua laptopu Agosti mwaka jana, mpya kabisa ndani ya boksi, si ex-UK, kwa duka moja la huko tao, nikalipa 62,000 kwa M-Pesa. Nusu ilikuwa pesa ya chama na nusu mathe alinikopesha na bado namlipa. Kazi yangu ni kusikiliza rekodi za watu na kuandika walichosema, yani hiyo mashine ndiyo ofisi, ndiyo rent, ndiyo kila kitu.

Mwanzo ilikuwa inakaa saa sita hivi bila stima, nikawa naringa nayo. Sasa kama wiki tatu zilizopita ikaanza maajabu. Iko asilimia 38, napepesa macho, skrini nyeusi, imezima kama mtu ameng'oa waya. Ukiichomeka inawaka na inakwambia iko 4. Juzi stima ikapotea huku Zimmerman nikiwa katikati ya faili ya dakika 90, nikajiambia tulia, betri iko 41, hata sentensi sijamaliza ikalala. Hiyo kazi nilichelewesha na mteja akanikata pesa.

Nikarudi dukani. Jamaa wa kaunta hata hakuiwasha. Akaniambia, "Madam, betri ni kama tairi ya gari, hiyo ni ya kuisha. Waranti ni ya mashine." Halafu hapo hapo akasema wako na betri ya 5,500, wanaweza kuniwekea nikingoja. Nikamwonyesha risiti, akaniwekea kidole pale chini pameandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikatoka kama nimemwagiwa maji.

Kakangu anasema niache kusumbuka, niende Luthuli, kule kwa maduka ya elektroniki tao, nipate ya 3,500. Rumeti wangu naye anasema nimeiua mwenyewe kwa sababu huwa imechomekwa mchana na usiku, na ukweli ni kwamba huwa nafanyia kazi kitandani, laptopu iko juu ya blanketi, kwa nyumba tuko na meza moja tu na imekaliwa na meko. Na kuna kitu kingine kilinimaliza: nimeingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza, nikaweka siriali namba, ikaniambia waranti iliisha Machi. Kwani Agosti mpaka Machi ni mwaka?

Naomba unijibu mambo mawili tu. Ni mimi niliiua? Na nipambane nao ama ninunue tu nisonge mbele?

Msikilizaji, Zimmerman

*

Mpwa wangu Msikilizaji,

Usinunue betri. Si ya 5,500, si ya 3,500, na kwa sasa usikubali fundi yeyote aiguse hiyo laptopu na bisibisi, hata kama ni kakako ndiye amemleta. Ikishafunguliwa na mtu wa nje umewapa sababu ya kukufukuza bila kujikuna kichwa.

Wasomaji wengine, kabla sijamjibu hapa nilimwandikia huyu mpwa nikamwomba ripoti ya betri, na nyinyi wote mnaotumia Windows hebu fanyeni hivyo leo hata kama mashine yenu haina shida. Unaandika cmd pale kwa kutafutia, unafungua kale kadirisha keusi, unaandika powercfg /batteryreport unabonyeza Enter. Itakwambia imeweka faili wapi, mara nyingi ni ndani ya folda yenye jina lako, unaifungua na brauza ile ile ya intaneti. Haihitaji bando, haihitaji programu ya kudaunilodi. Wa Mac mnaenda System Information, sehemu ya Power, mtaona mizunguko na hali ya betri.

Ripoti ya mpwa ikaja Jumanne usiku. Mstari wa DESIGN CAPACITY, yani betri ilizaliwa ikibeba kiasi gani, ni 41,000. FULL CHARGE CAPACITY, yani sasa ikijaa inabeba kiasi gani, ni 19,700. CYCLE COUNT, ni mizunguko mingapi imeenda, 142. Zile herufi mWh mbele ya namba usijali nazo, ni kipimo tu. Gawa ya pili kwa ya kwanza unapata asilimia 48. Betri ya miezi kumi imebaki chini ya nusu, na mizunguko 142! Betri nyingi za laptopu za kawaida zimeundwa kwenda mizunguko 300 mpaka 500 kabla hazijashuka mpaka kama asilimia 80, na Apple wanasema MacBook zao nyingi za siku hizi zinafika 1,000. Na mzunguko mmoja si kila ukichomeka, msichanganye, ni ukishatumia jumla ya asilimia 100, hata kama ni 50 leo na 50 kesho.

Lakini hiyo 48 pekee yake isingenitosha. Jamaa wa kaunta angekwambia si nilikwambia, imeisha kama tairi. Kilichonifanya nikae wima kwa kiti ni chini zaidi, kule watu huwa hawafiki, pameandikwa BATTERY CAPACITY HISTORY. Pale Windows imekuwa ikiandika kila wiki betri yako inabeba ngapi, kama nesi anayepima mtoto kliniki. Oktoba 40,100. Januari 39,300. Machi 38,600. Mwanzo wa Mei 37,900. Halafu wiki tatu za mwisho, 29,000, 24,200, 19,700.

Angalia hiyo tena. Miezi tisa imeshuka polepole vile betri yoyote hushuka, ikawa bado juu ya asilimia 90. Halafu ndani ya wiki tatu imeanguka kutoka ngazi ya tatu mpaka chini. Betri kuchoka hakufanyi hivyo, hiyo imeharibika, na hapo ndipo waranti yako iko.

Acha nikueleze kilicho ndani, kwa sababu ukikielewa hakuna mtu wa kaunta atakuzungusha. Betri kama yako kwa kawaida ni seli tatu zimefungwa kwa mstari, moja nyuma ya nyingine. Umewahi kuhama nyumba ukapandisha sofa floo ya nne bila lifti, watu watatu? Mmoja magoti yakikataa sofa inashuka chini, haijalishi hao wengine wawili wanakula ugali kiasi gani. Seli moja ikiharibika, ikifika chini ya volti inayoruhusiwa, kale kasakiti kanakolinda betri kanakata kila kitu saa hiyo hiyo, na zile zingine mbili bado ziko na chaji. Ndiyo maana skrini inakwambia 38 na sekunde ijayo uko gizani. Ile 38 ilikuwa hesabu ya kukisia, na ilikisia vibaya kwa sababu haikujua mmoja wa wabebaji ni mgonjwa.

Kushuka polepole ni uchovu. Kuruka ni ugonjwa. Karatasi nyingi za waranti zinasema hazilipii uchovu wa matumizi ya kawaida, zinalipia kasoro ya vifaa au ya utengenezaji. Kwa hivyo jamaa wa dukani alikupa nusu ya ukweli, ile nusu inayomuuzia betri ya 5,500. Betri iko na waranti. Mara nyingi iko na mstari wake peke yake kwenye kijitabu, na kwa kampuni nyingi ni mwaka mmoja hata kama mashine yenyewe imepewa mitatu, hapo ndipo watu huumia, wanarudi mwaka wa pili wakiwa na kijitabu cha miaka mitatu. Wewe uko mwezi wa kumi. Toa hicho kijitabu kwa boksi (umeweka boksi, sivyo? niambie umeweka boksi) usome sehemu ya betri mwenyewe.

Sasa blanketi. Sitakudanganya kwa sababu wewe ni mpwa wangu, blanketi imechangia. Betri ya lithiamu inachukia vitu viwili, joto na kukaa imejaa pomoni, na wewe umeipa vyote viwili kwa sahani moja. Matundu ya hewa ya laptopu nyingi yako chini, ukiyaziba na blanketi ile feni inazungusha hewa moto ile ile. Kuna hesabu inajulikana kwa wanaoshughulika na hizi betri: ikikaa imejaa kwa nyuzi 25 inabaki na kama asilimia 80 baada ya mwaka, kwa nyuzi 40 inabaki na kama 65. Kwa hivyo rumeti wako hajakosea kabisa. Lakini hata mimi nikiichukua hiyo 65 mbaya kabisa, bado haifiki 48, na haielezi kwa nini ilikuwa zaidi ya 90 mpaka mwanzo wa Mei na blanketi ilikuwa pale pale tangu Agosti. Kwa hivyo swali lako la kwanza, hapana, si wewe uliiua. Uliizeesha kidogo. Dukani wakikuuliza kama unatumia chaja iliyokuja nayo na kama imewahi kumwagikiwa maji jibu ukweli, blanketi hakuna atakayekuuliza na huna haja ya kuanza kutubu kwa kaunta.

Kabla hujarudi fanya kitu kimoja, kwa sababu watakwambia "hiyo ni softiwea tu". Itumie bila stima mpaka izime yenyewe, halafu uichaji bila kuichomoa mpaka ijae, mara moja tu, usifanye kila wiki maana hiyo nayo inaichosha. Hapo inajipima upya. Toa ripoti ya pili. Kama kipimo ndicho kilikuwa kimepotea njia namba itapanda sana. Ikibaki hapo kwa 19,000 na kitu, hiyo hoja umeizika. Pia kuna kipimo kinachokaa ndani ya mashine yenyewe, nje ya Windows: kwa HP unaiwasha ukigonga Esc halafu F2, kwa Dell F12, wengine angalia kijitabu. Ukipima betri huko na ikafeli unapewa kodi, yani namba ya hitilafu, kwa HP ni ndefu ya herufi na tarakimu 24, piga picha na simu. Hiyo kodi ndiyo lugha wanayoongea huko ndani, ukifika nayo hawakuulizi maswali ya kitoto.

Tuje kwa hii ya Machi, maana ndiyo imekuvunja moyo na ndiyo rahisi kuliko zote. Kompyuta ya kampuni haijui wewe ulinunua lini. Inajua tu boksi lilitoka kwao lini, na inaanza kuhesabu hapo mpaka mtu aiambie vingine. Laptopu yako ilikaa stoo ya mtu miezi mitano kabla hujaiona. Kampuni kubwa karibu zote ziko na njia ya kurekebisha hiyo tarehe: unaenda sehemu ya msaada kwa tovuti yao, unatuma risiti, unaomba tarehe ya kuanza ihesabiwe kutoka siku uliyonunua. Risiti lazima iwe na tarehe, jina la duka, na siriali namba. Risiti nyingi za ETR, zile za mashine ya ushuru, hazina siriali, zinasema tu "laptop 1 pc", kwa hivyo rudi dukani uombe inivoisi yenye siriali na muhuri, hiyo hawawezi kukunyima, na ushike pia ile meseji ya M-Pesa ya siku hiyo. Ukiwa bado kwa hiyo tovuti angalia imeandika mashine iliuzwa nchi gani. Ikisema Kenya, sawa. Ikisema Falme za Kiarabu au Marekani, basi aliyekuuzia aliileta kivyake, na kituo cha hapa kinaweza kusema haiwahusu, hapo mzigo wote unabaki kwa duka lako kwa sababu wao ndio walikwambia ni mpya na iko na waranti ya mwaka.

Kama ni ya Kenya, usianze na jamaa wa kaunta tena. Nenda kituo cha huduma kilichoidhinishwa na kampuni yenyewe, jina lake liko kwa tovuti ile ile, piga simu kwanza uulize wanataka nini. Na chunga mdomo wako. Ukisema "betri inaisha haraka" umejifungia mlango mwenyewe, hiyo ni uchovu. Sema "inazima ghafla ikiwa asilimia 38, na uwezo wake umeanguka kutoka 37,900 mpaka 19,700 ndani ya wiki tatu, ripoti hii hapa, kodi hii hapa". Peleka zimechapishwa, shilingi ishirini saiba, karatasi ina heshima yake. Kabla ya kuacha mashine hifadhi faili zako zote mahali pengine, piga picha pande zote nne, na usitoke bila karatasi iliyoandikwa siriali namba, shida ni nini, na mashine ilikuwa na hali gani. Nimewahi kukaa nyuma ya hiyo kaunta miaka, mashine zinazopotea huwa ni za wasio na karatasi.

Wakikukatalia wote, kituo na duka, usipige kelele. Andika imeili kwa duka, fupi, uambatanishe kila kitu, uwape siku 14. Ile ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" ni maandishi ya kutisha watu, mpwa. Katiba ya 2010, ibara ya 46, inakupa haki ya bidhaa ya ubora unaostahili. Sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 inasema muuzaji anahesabiwa kuwa ameahidi ubora unaofaa, na haki zako haziondoki kwa sababu mtu amechapisha maneno chini ya risiti. Taja hizo mbili kwa imeili, usizihutubie. Unaweza kupeleka malalamiko kwa Competition Authority, ile mamlaka ya serikali ya ushindani wa biashara, hailipishwi. Na iko Mahakama ya Madai Madogo, kwa hapa Nairobi iko Milimani, inachukua madai mpaka milioni moja, unajisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Kwa betri ya elfu tano sidhani utafika huko. Lakini imeili inayoonyesha unajua njia ya kufika huko, nimeona ikifungua milango iliyokuwa imekataa kabisa.

Luthuli sijaitusi, nimekulia pale. Kuna watu wa haki na kuna betri za kutosha nzuri, lakini pia kuna zile zimeandikwa 41,000 zikiwa ndani zina 25,000, na zingine mashine inazikataa. Hiyo iwe ya mwisho, waranti ikishakufa kweli, na ukienda linganisha namba ya betri iliyoandikwa kwa ile ya zamani, si umbo tu.

Kitu cha haraka kwa wote: ukiona tachipadi imeinuka, au laptopu haifungi vizuri, au mfuniko wa chini umebinuka, hiyo betri imefura. Zima, chomoa, usichaji tena, usibonyeze, usitoboe, na usitupe kwa pipa la taka. Za kutupa ziko na wenyewe, WEEE Centre huko Utawala wanapokea.

Kwa wewe Msikilizaji, ukipewa betri mpya ingia kwa programu ya kampuni au BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, uweke chaji isimame kwa asilimia 80. Wengi wako nayo, Lenovo iko ndani ya Vantage, ASUS ndani ya MyASUS. Kwa mtu anayechomeka siku nzima kama wewe hiyo ndiyo dawa, na usije ukaniandikia tena ati betri haijai. Siku unajua stima itapotea unaitoa hiyo 80 unaacha ijae. Na chini ya laptopu weka kitu kigumu, hata sinia lile la kuandalia chai, bora blanketi ikae mbali.

Hiyo siku utaenda kuichukua usiondoke kwa kaunta kabla hujatoa ripoti hapo hapo mbele yao. FULL CHARGE ikaribiane na DESIGN, na CYCLE COUNT isome sifuri au moja mbili hivi. Ikisoma 60, hiyo wametoa kwa mashine ya mtu mwingine. Warudishie.

Anko Fundi